Siku Mama Alipomsuka Milembe

Mjukuu wangu aliniletea mafuta ya nyonyo kutoka dukani, yakiwa ndani ya kichupa chenye picha ya msichana mwenye nywele hadi kiunoni. Aliniambia siku hizi ndiyo yanayotafutwa, kwamba yanakuza nywele kuliko kitu chochote, akaanza kunifundisha namna ya kuyapaka. Nilimwacha anifundishe. Kisha akafungua kizibo, na ile harufu nzito, ya kitu kilichokaangwa kikaachwa kipoe, ikanifikia pale nilipoketi. Nikamwomba akifunge. Alidhani imenikera. Haikunikera hata kidogo. Ilikuwa imenirudisha Shinyanga, uani kwetu nyuma ya stesheni, asubuhi ya Jumapili, mama yangu akimsuka Milembe.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikubwa vya Wazungu, nami nilikuwa mtoto wa shule za chini. Baba yangu alifanya kazi reli. Kazi yake ilikuwa kushika bendera mchana na taa usiku, treni zipite salama. Si kazi kubwa, lakini sisi watoto wake tulijiona wenye mji, maana hakuna kilichoingia Shinyanga kwa reli bila baba kukipungia kwanza. Mimi niliwaringia sana wenzangu kwa bendera ile.

Milembe alikuwa binti wa rafiki yake baba. Wawili hao walichunga ng'ombe pamoja kule Samuye tangu wangali wadogo, kisha wakaondoka kijijini kutafuta maisha. Baba akaishia relini. Mwenzake akaenda mbali zaidi, upande wa Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama yake Milembe alifariki mapema, hivyo mtoto alikulia kambini kwa wachimbaji, mikononi mwa baba yake na wanawake wa jirani. Likizo ile baba yake alimpandisha lori, akamkabidhi kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akija kwetu, akamwahidi kwamba yeye mwenyewe angefuata kwa treni ya Jumapili ili waende wote Samuye kumwona bibi. Milembe alitaja Jumapili hiyo tangu alipotua mzigo wake mlangoni. Ukimwamsha alikuwa akiuliza, ni leo?

Sasa niwaambieni ninyi jambo ambalo mimi sikuambiwa. Ijumaa jioni, gadi wa treni iliyotoka Mwanza alishuka, akamvuta baba pembeni ya tangi la maji, akamweleza kwamba mwamba umeporomoka shimoni na Baba Milembe hayupo tena. Walikuwa wameshamzika.

Kwa desturi ya wazee wetu habari ya namna hiyo haisemwi na yeyote tu. Husemwa na mtu wa ukoo, mfiwa akiwa ameshakula, ameketi chini, na watu wamemzunguka wa kumshika. Mtu wa ukoo aliyekuwepo ni Makoye, baba mkubwa wa Milembe, naye alifanya kazi kambini huko huko. Makoye alituma neno kwa gadi yule yule kwamba atakuja na treni ya Jumapili. Ndiyo treni ambayo Milembe alikuwa anaisubiri.

Basi baba na mama walikuwa na mtoto wa kumficha habari hadi Jumapili jioni, katika nyumba za reli, ambako ukikohoa jirani anakupa pole. Tena majirani walihitaji ua wetu: kufagia, kutandika mikeka, kuleta kuni na mitungi ya maji, wanaume wakoke moto wao nje. Mtoto asingeweza kuwa pale akitazama msiba wake ukiandaliwa. Ndipo baba akatangaza kwamba Jumapili familia nzima itamtembeza mgeni mjini. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Baba yangu hakuwa mtu wa matembezi, Jumapili zake alilala.

Asubuhi hiyo mama alipasha mafuta ya nyonyo kwenye kigae, akamketisha Milembe katikati ya magoti yake. Mimi niliyajua magoti yale. Mama aliposuka nywele zangu alinibana kama mbuzi anayenyweshwa dawa, akavuta, akanigonga kisogoni na chanuo la mti kila nilipojitikisa, na kazi ikaisha kabla maji ya uji hayajachemka. Kwa Milembe alikwenda polepole. Alichukua nywele kidogo kidogo, akazipaka mafuta hadi kwenye ngozi, akasuka mistari myembamba iliyokwenda nyuma sawasawa, akafumua mmoja uliopinda kidogo, akausuka upya. Kuna wakati aliacha kabisa kusuka, kiganja chake kikiwa juu ya utosi wa Milembe, akatazama minyaa ya ua wetu. Mdogo wangu Masele alikuwa analia kwenye mkeka na mama hakumsikia.

Nikauliza kama na mimi nitasukwa hivyo. Mama alisema, "Wewe subiri. Zako zitakuwepo."

Niliona ni jibu la kunifukuza, nikanuna, nikamnyanyua Masele.

Tulitoka jua likiwa limeshapanda. Mama alimfunga Masele mgongoni. Baba alivaa koti lake la reli na kofia, akasukuma baiskeli yake. Baiskeli ile sisi hatukuruhusiwa hata kupiga kengele yake, lakini baba alimwinua Milembe na kumkalisha kwenye keria, akasema mgeni hatembei. Mimi nilitembea ubavuni, vumbi jeupe likinipanda hadi magotini, nikiwa mwenyeji mwenye maneno mengi. Nilimwonyesha boma na bendera yake. Nilimwonyesha maduka ya Wahindi, mafundi cherehani kwenye vibaraza vyake, na nyumba yenye vioo vya rangi. Nilimwambia kwamba nyumba fulani inawashwa taa ya umeme.

"Kwetu kambini kuna taa za umeme mpaka chooni," Milembe alisema, si kwa kuringa, alikuwa ananijulisha tu. Nikajikuta natafuta kitu kingine cha kumshangaza, na kila nilichotafuta kambi ilikuwa nacho kikubwa zaidi. Treni tu ndiyo hawakuwa nayo. Hiyo ndiyo aliyoniuliza: inatokea upande gani, inasimama wapi, watu wa mbele wanashuka kwanza au wa nyuma.

Dukani baba alimnunulia soda ya gololi, chupa nzima, yake peke yake. Kwetu soda moja ilinywewa na nyumba nzima kwa zamu. Akamnunulia na kashata kubwa ya njugu. Milembe aliivunja katikati, akala nusu, akafunga nusu nyingine kwenye pindo la kanga yake. Baba akamwambia aile tu, ipo nyingine. Milembe akajibu kwamba hiyo ni ya baba, maana anapenda kashata na meno yake bado mazima. Baba yangu aligeuka akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli. Aliukagua kwa muda mrefu, na haukuwa na tatizo lolote.

Ulikuwa msimu wa pamba, na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, ilifanya kazi hata Jumapili. Tulisimama nje ya uzio kutazama marobota na mlima wa pamba ambayo haijachambuliwa, hewa ikinuka mafuta ya mbegu. Mara honi ya jineri ikalia, wafanyakazi wabadilishane. Mimi niliizoea tangu tumboni. Milembe aliruka kutoka kwenye keria, akasimama na mikono imekakamaa, shingo ameinyoosha. Alibaki hivyo hadi mlio ulipokwisha, ndipo akanieleza taratibu kwamba kwao king'ora kikilia wakati usio wake, wanawake hutoka wakasimama milangoni, na hakuna anayerudi ndani mpaka amwone wa kwake anapanda kutoka shimoni.

"Baba hupanda wa mwisho," alisema. "Anapenda kunichelewesha."

Mama alimshika mkono, hakumrudisha kwenye baiskeli tena. Walitembea hivyo hadi sokoni. Hapo tulikutana na mama mmoja muuza dengu, mtu wa Samuye, aliyewafahamu watu wetu wote. Alipomwona Milembe mikono yake ilianza kupanda kichwani, kama ifanyavyo mikono ya mtu aliyefikiwa na msiba. Mama alijitupa mbele yake, akamziba Milembe kwa mwili wake wote, akaanza kubishana bei ya dengu kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Hatukuhitaji dengu. Yule mama akashusha mikono, akapima dengu machozi yakimtoka, akasema vumbi la leo ni baya. Mimi nikakubaliana naye kuhusu vumbi.

Mahali pa mwisho palikuwa kwa Bwana Saidi, mpiga picha. Alikuwa mtu wa Tabora, mwenye kanzu na kikohozi, na kamera yake ilisimama kibarazani kwa miguu mitatu, imefunikwa kitambaa cheusi. Nyuma alikuwa ametundika turubai lililochorwa ngazi na chungu cha maua. Sisi hatukuwahi kupiga picha. Mama ndiye aliyetaka, na baba hakubisha, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili. Mama alituweka wawili mbele ya ngazi zile, akaigeuza shingo ya Milembe kidogo ili mistari ya nywele ionekane, akailamba ncha ya kidole na kulaza unywele mmoja pembeni ya sikio. Milembe aliniuliza kwa kunong'ona ngazi zinakwenda wapi. Nikamwambia ghorofani. Akaniuliza ghorofa iko wapi. Nikamwambia anyamaze, tunapigwa.

Bwana Saidi alituonya tusitikisike mpaka aseme. Akaingia kitambaani. Na wakati huo huo, mbali, upande wa Mwanza, treni ikapiga filimbi.

Milembe aligeuka.

Bwana Saidi alitoka kitambaani amekasirika, akitaka kurudia. Baba alikuwa tayari ameshika baiskeli. Mama alisema iache hivyo hivyo, na huyo mtoto wa Geita alikuwa ameshafika barabarani anakimbia.

Treni iliingia stesheni taratibu, ikitema moshi. Milembe alisimama pale nilipokuwa nimemwelekeza, mkono mmoja umekamata pindo la kanga lenye kashata. Watu walishuka na kuku, na masanduku ya bati, na watoto. Kisha akashuka mtu mkubwa wa mwili, mwenye furushi la blanketi begani, akatutazama. Baba yangu alivua kofia. Milembe alipiga goti akaamkia, "Shikamoo baba mkubwa," naye Makoye akaitikia marahaba. Lakini macho ya Milembe yalikuwa yameshapita begani kwake, yakielekea mlango wa behewa.

"Baba yuko behewa gani?"

Makoye aliweka furushi chini, akalinyanyua tena. "Twende kwanza nyumbani, ng'wanone," alisema, akimwita mwanangu kwa Kisukuma. "Utakula, halafu tutazungumza."

Safari hii Milembe alirudishwa kwenye keria. Alikaa ameangalia nyuma, na njia nzima alinieleza mimi, niliyekuwa sijamuuliza, kwamba baba atakuwa anashusha mizigo. Ana mizigo mingi. Blanketi lake lile amempa baba mkubwa atangulie nalo kwa sababu ana mizigo mingi. Mimi nilimwambia hata baba yangu akienda safari hurudi na mizigo, ili naye ajisikie vizuri.

Majirani walikuwa wameagizwa. Hakuna kulia mpaka mtoto ameingia, amekula, ameketi, na Makoye amesema. Wote walikubali. Lakini alikuwepo Bibi Ng'wasi, mama mzazi wa fundi mmoja wa reli, mzee aliyetoka kijijini, na kwa kizazi chake mfiwa akiingia uani pasipo kilio ni kumwaibisha marehemu, kana kwamba alikuwa mtu asiye na watu. Alijizuia alivyoweza. Tulipokata kona alituona: Makoye na furushi, mtoto kwenye baiskeli, nywele zimesukwa vizuri. Bibi Ng'wasi akanyanyuka mkekani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Wanawake wengine nao wakalipuka. Haikuwa tena kazi ya mtu kuwazuia. Baba alisimamisha baiskeli. Milembe aliteremka mwenyewe, akautazama moto uliokokwa nje jua la jioni likingali kali, akawatazama wanaume walioketi kuuzunguka bila kuzungumza, na mikeka, na ua uliofagiwa. Alikuwa mtoto wa kambi. Alishayaona mambo hayo milangoni kwa watu wengine.

Hakulia. Alimwendea Makoye, akaanza kufungua fundo la kanga, na fundo lilikuwa gumu, likachukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatoa ile nusu ya kashata.

"Hii nilimwekea baba," alisema.

Makoye aliipokea kwa mikono miwili, kama upokeavyo kitu kwa mkubwa wako, akaketi chini vumbini na mwili wake wote ule. Basi hivyo ndivyo Milembe alivyoambiwa. Mwenye haki ya kusema hakusema kitu.

Siku ya kuondoa matanga, wafiwa walinyolewa. Kabla wembe haujaletwa, mama aliomba aachiwe kidogo. Alimketisha Milembe tena katikati ya magoti, akazifumua zile nywele mstari mmoja mmoja, kwa utaratibu ule ule. Kisha zikanyolewa, zikaanguka mchangani, na ua wote ukanuka mafuta ya nyonyo. Nilimtazama mwenzangu mwenye kichwa kidogo cheupe, masikio yamesimama, nikaogopa kumkaribia, kana kwamba si yeye. Makoye akamchukua kwenda Samuye kwa bibi.

Picha ilipokuwa tayari, mama aliifuata. Mimi nimo, nimesimama wima kama askari, kila kifungo cha gauni kinaonekana, hata uso wangu wa kununa. Pembeni yangu kuna kanga, mikono miwili, na juu ya shingo ni ukungu mtupu. Hakuna uso wala nywele. Mama aliitazama muda mrefu, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni. Alikuwa ametaka kitu kimoja tu kutoka kwenye siku ile, nacho hakikushika.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini walimtembeza. Swali lilinikaa miaka yote, maana nilianza kuhisi kwamba tulimdanganya Milembe kwa soda na baiskeli, wakati sokoni na stesheni kila mtu alijua isipokuwa yeye na mimi. Mama alikuwa anachambua mchele. "Aliponifikia, baba yake alikuwa hai," alisema. "Nilitaka abaki hai mpaka jioni." Nikamuuliza na nywele je. Akasema hakutaka zinyolewe bila kupendeza hata siku moja. Sikujua kama jibu lile linatosha. Na Milembe sikuwahi kumuuliza, ingawa tulikua tukijuana, akaolewa mjini Shinyanga, akajenga mtaa wa Kambarage, nami nikaolewa Tabora. Ile picha mama alishampa, akaitundika sebuleni kwake. Wageni waliuliza huyo wa pili ni nani, naye alijibu tu kwamba ni yeye.

Kisha mama yangu akaugua. Nilipata salamu kwamba amezidiwa, nikapanda treni. Stesheni Shinyanga sikumkuta mtu wa nyumbani. Alikuja Milembe. Alichukua mkoba wangu, akasema tupitie kwake kwanza, nimetoka mbali. Nilimuuliza hali ya mama, akasema amepumzika. Akanipa ugali na maziwa, akasimama mpaka nimemaliza. Nilitaka kuondoka. Akasema nywele zangu zimechafuka na safari, akatandika mkeka, akapasha mafuta kwenye kigae.

Niliketi katikati ya magoti yake. Alichukua nywele kidogo kidogo, akazipaka hadi kwenye ngozi. Hakuvuta hata mara moja. Mstari mmoja ulipinda, akaufumua, akaanza upya, na hapo ndipo nilipojua. Niliinua macho ukutani, nikaiona ile picha, mimi na ukungu, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba Milembe hakuwahi kuihesabu siku ile kuwa udanganyifu. Alikuwa ameitunza. Sasa alikuwa ananipa na mimi.

Nilimuuliza ni nani anakuja kuniambia.

Vidole vyake vilisimama, vikaendelea.

"Masele," alisema. "Yuko njiani."

Masele, ambaye siku ile alikuwa mgongoni kwa mama. Sikuuliza tena. Nje watoto wa Kambarage walikuwa wanacheza, mama yangu alikuwa bado hai, nami niliinamisha kichwa ili Milembe afike kisogoni.